Mafunzo ya Kazi katika Majumba ya Makumbusho: Mlango Ambao Vijana wa Musaga Hawaubishi

Kila ufikapo wakati wa wanafunzi kutafuta mahali pa kufanyia mafunzo ya kazi, yale ambayo hapa Bujumbura yamezoeleka kwa jina la "staji", vijana wa Musaga huonekana asubuhi wakishuka mjini, wengine kwa basi na wengine kwa miguu, bahasha mkononi. Huenda kubisha hodi katika mabenki, hospitali, ofisi za serikali na mashirika. Barua zao hufanana kama mapacha: mwombaji hujieleza kuwa ni mwanafunzi mwenye bidii, na huomba kupokewa katika idara yoyote itakayoonekana inafaa. Ni nadra mno kumkuta kijana ambaye bahasha yake imeandikiwa jumba la makumbusho.

Sababu zake hazijifichi. Machoni pa wengi, jumba la makumbusho ni mahali pa kwenda mara moja katika maisha, pamoja na mwalimu na darasa zima, kuwatazama mamba na kurudi nyumbani. Nani anayefikiri kwamba nyuma ya chumba cha maonyesho kuna watu wenye kazi, na kwamba kazi hiyo ina elimu yake, zana zake na miiko yake? Wazazi nao wamsikiapo mtoto akisema kuwa anataka kusomea mambo ya sanaa na utunzaji wa vitu vya kale, huuliza atakula nini. Swali hilo ni la haki, na makala haya hayatalikwepa.

Hata hivyo liko swali jingine ambalo nalo lina haki ya kuulizwa. Vyombo vilivyotengenezwa na mababu zetu, na ambavyo vimebahatika kufika mikononi mwa taifa, vitatunzwa na nani baada ya wale wachache wanaovitunza sasa kustaafu? Kikapu kilichosukwa miaka sabini iliyopita hakisubiri mpaka mtaalamu apatikane. Dumuzi akishaingia katika ukili wake, hufanya kazi usiku na mchana, wala hapumziki siku za sikukuu.

Msimamo wetu ni huu: ujuzi wa kutunza vitu hivyo haupatikani kwa kusoma tu. Hupatikana kwa mkono, mbele ya kitu chenyewe, kando ya mtu anayekijua. Mwanafunzi aliyepewa kikapu kimoja akikishughulike kuanzia mwanzo hadi mwisho amejifunza zaidi ya yule aliyezungushwa katika vyumba vyote kwa miezi mitatu akiwaongoza wageni.

TULIYO NAYO

Jumba la Makumbusho la Taifa lililoko Gitega lilianzishwa mwaka 1955, wakati nchi ingali chini ya Wabelgiji. Humo mna ngoma, mikuki, vikapu, vyungu, vyombo vya maziwa na vitu vingine vya matumizi ya nyumbani, pamoja na vile vilivyotumika katika makao ya mwami. Ufalme ulipofutwa mwezi Novemba 1966, vitu vya aina hiyo vilibadilika hadhi kwa siku moja: vilivyokuwa vyombo vya utawala vikawa kumbukumbu. Jumba lenyewe ni dogo, na mgeni mwenye haraka aweza kulimaliza kabla jua halijasogea. Mwenye subira hukaa humo siku nzima.

Hapa Bujumbura kuna Musée Vivant, yaani makumbusho yaliyo hai, ambayo yalianzishwa mwaka 1977. Ni hapo watoto wetu huwaona mamba na nyoka; lakini pamoja na wanyama na mimea pana pia nyumba ya jadi iliyojengwa kwa namna ya zamani, na mahali pa mafundi wa kazi za mikono. Yafaa kukumbuka kuwa katika mwaka uo huo wa 1977 Baraza la Kimataifa la Majumba ya Makumbusho, ICOM, liliamua kuwa tarehe 18 Mei iwe siku ya makumbusho ulimwenguni kote. Kwa kijana wa Musaga, Musée Vivant ndiyo shule ya kwanza iliyo karibu. Aweza kuifikia kwa miguu bila kumwomba mtu nauli, jambo ambalo si dogo katika miaka hii ambayo uhaba wa mafuta umewafanya watu kupanga foleni ndefu za mabasi jioni. Gitega iko mbali, yapata kilometa mia moja kwa barabara, na anayekwenda huko hana budi kupata mahali pa kulala.

Tena, karibu na Gitega, kuna Gishora, kilima cha wapiga ngoma, ambako ngoma za kifalme zimehifadhiwa kwa kupigwa. Ngoma ya Warundi pamoja na michezo na mashairi yake iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mwanafunzi anayetaka kujua ngoma ni kitu gani hawezi kumaliza masomo yake katika kabati la kioo. Ngoma iliyoko makumbusho haipigwi, na ngozi yake hulegea na kukaza kwa kadiri ya majira ya mvua na kiangazi. Ya Gishora hupigwa, hupasuka, hutengenezwa tena na watu ambao baba zao walikuwa wakifanya hivyo hivyo. Aliyeona moja tu kati ya hizo mbili amejua nusu ya habari.

Wako watakaosema kuwa hayo si majumba ya sanaa, na kwamba jumba la sanaa ni lile lenye picha za kuchorwa zilizotundikwa ukutani. Kwa kweli picha za wachoraji wetu wa leo huonyeshwa zaidi katika kumbi za muda, kama vile Taasisi ya Kifaransa mjini Bujumbura. Lakini ubishi huo nauona hauna faida. Agaseke lile lile lenye kifuniko kilichochongoka, lililosukwa na mikono ile ile, huitwa kazi ya sanaa likiwekwa Ulaya chini ya taa ndogo, na huitwa chombo cha nyumbani likibaki kwetu. Kilichobadilika ni taa. Mwanamke aliyelisuka alipima mistari yake kwa macho, akachagua rangi, akakataa kilichompendeza nusu. Kama hiyo si sanaa, basi neno hilo lifutwe katika kamusi.

SOMO KUTOKA MAKERERE

Katika nchi jirani ya Uganda jambo hili lilipata kufanyika kwa namna inayostahili kuangaliwa. Jumba la makumbusho la Uganda lilianzishwa mwaka 1908, nalo ni miongoni mwa makongwe kabisa katika Afrika ya Mashariki. Mnamo mwaka 1937 mama mmoja wa Kiingereza, Margaret Trowell, alianza kufundisha sanaa kwa wanafunzi wa Makerere. Baadaye, katika miaka ya vita vya pili vya dunia, alikabidhiwa pia uangalizi wa jumba la makumbusho, na vitu vyake vikahamishiwa Makerere, katika shule ya sanaa. Vilikaa huko hadi jumba jipya la Kitante lilipofunguliwa mwaka 1954.

Msomaji na atafakari maana ya hayo. Kwa miaka kadhaa, shule ya sanaa na jumba la makumbusho vilikuwa jirani wa mlango kwa mlango. Kijana aliyekuwa akijifunza kuchonga aliweza kuinua macho yake na kukiona kigoda, ngao au ala ya muziki iliyochongwa na mtu wa nchi yake ambaye hakuwahi kuingia darasani. Kutoka shule hiyo walitokea watu kama Gregory Maloba wa Kenya, aliyetengeneza sanamu ya uhuru iliyosimama mjini Kampala tangu 1962. Sam Ntiro wa Machame, ambaye alikuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika huko London na baadaye akashika madaraka ya utamaduni nchini mwake. Na Elimo Njau, aliyeanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa huko Nairobi mwaka 1965. Sisemi kuwa makabati ya makumbusho ndiyo yaliyowafanya kuwa wasanii. Lakini mtu akikua karibu na ghala la kazi za wazee wake, hapati shida ya kuamini kwamba wazee hao walikuwa na elimu.

Baada ya Trowell, jumba hilo liliangaliwa na Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki, kuanzia 1948 hadi 1957. Ni kutokana na msingi wake kwamba jumba la Kampala lilijulikana kwa jambo moja la pekee: zeze na ngoma zake hazikukaa kimya, maana walikuwapo wapiga muziki waliowaonyesha wageni jinsi zinavyolia. Hebu fikiria inanga yetu, au umuduri, au ikembe. Mwanafunzi anayeandika kuwa inanga ni ubao wenye nyuzi ameandika kweli, lakini hajasema kitu. Anayepewa nafasi ya kukaa na mpigaji, akamsikia akiimba kwa sauti ya chini iliyo kama mnong'ono, akaandika majina ya sehemu za chombo kwa Kirundi, huyo amefanya kazi ya makumbusho.

KAZI YENYEWE

Sasa tutazame kazi hii inafanywaje, kwa sababu vijana wengi hawaikatai bali hawaijui. Tuchukue mfano wa icansi, chombo cha mti cha kuwekea maziwa, kilicholetwa makumbusho na familia moja.

Kwanza huandikwa katika daftari la usajili. Hupewa namba ambayo hakitakuwa nayo kitu kingine chochote, na aghalabu namba hiyo huundwa kwa mwaka kilipopokewa, namba ya kundi lililoletwa pamoja, na namba yake ndani ya kundi hilo. Kama ni chombo cha kumi na mbili katika kundi la tatu la mwaka 1978, kitaandikwa 1978.3.12. Namba hiyo haiandikwi juu ya mti wenyewe. Hupakwa kwanza tabaka jembamba la vanishi inayoweza kuondolewa, mahali pasipoonekana na mgeni, kisha namba ikaandikwa kwa wino juu yake, na tabaka jingine likafunika wino. Kanuni yake ni kwamba lolote analolifanya mtunzaji leo, mtunzaji wa kesho aweze kulifuta bila kukiumiza kitu. Kitu kilichopotewa na namba yake ni kama mtoto aliyepotea sokoni. Yupo, ana afya, lakini hapana ajuaye kwao.

Kisha hupimwa kimo na upana, hupigwa picha, na hali yake huelezwa: ufa uko wapi, rangi imebambuka upande gani, je, kuna vitundu vidogo vyenye unga unaodondoka? Vitundu hivyo ni habari mbaya, maana vyaonyesha kuwa wadudu wangali ndani. Katika nchi zenye umeme wa uhakika, kitu cha mti au cha ukili hufungwa vizuri ndani ya plastiki na kuwekwa katika barafu kali, nyuzi 20 au zaidi chini ya sifuri, kwa muda wa wiki moja hivi, ili wadudu na mayai yao wafe. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, njia hiyo haitegemeki. Hapo hutakiwa njia za subira: kukitenga kitu kigonjwa mbali na vizima, kufagia ghala kila wiki, kuziba mianya, kuweka vitu juu ya rafu badala ya sakafuni, na kukagua kila kimoja kwa zamu. Kazi hizo hazihitaji mashine. Zahitaji mtu ambaye hachoki.

Mwanga nao ni adui. Kwa vitu vilivyotiwa rangi za mimea, wataalamu hupendekeza mwanga usiozidi luksi 50, ambao ni hafifu sana ukilinganishwa na jua la mchana la Bujumbura linalopenya dirishani. Agaseke lililowekwa karibu na dirisha lisilo na pazia hupauka upande mmoja, na rangi iliyokwisha kupauka hairudi.

Jambo jingine, ambalo walimu wa mafunzo husahau kuwaambia wanafunzi, ni usalama wao wenyewe. Katika majumba mengi ya zamani duniani, vitu vya ngozi, nywele na manyoya vilipakwa sumu ya aseniki au kunyunyiziwa DDT ili kuzuia wadudu. Sumu hizo hukaa miaka mingi. Ndiyo maana mwanafunzi huvaa mipira ya mikono, hali chakula ghalani, wala hapulizi vumbi kwa kinywa, bali huliondoa kwa brashi laini.

Mwisho kuna kuuliza. Chombo hiki kiliitwaje? Alikichonga nani, wa kilima gani, kwa mti gani? Kilitumika siku za kawaida au siku za sherehe? Mwanamume aliruhusiwa kukigusa? Kwa masikitiko, vitu vingi vilivyokusanywa wakati wa ukoloni havina majibu ya maswali hayo. Aliyeandikwa daftarini ni yule Mzungu aliyevichukua, wala si fundi aliyevitengeneza. Wafinyanzi wa Kitwa walifinyanga vyungu vilivyopikiwa chakula katika nyumba nyingi za nchi hii, lakini ukisoma maelezo ya vyungu hivyo katika makumbusho ya ulimwengu, mara chache mno utakuta jina la mfinyanzi. Kosa hilo la zamani halirekebishiki kwa vitu vya zamani. Kwa vitu vinavyoingia leo, linazuilika kwa penseli na dakika thelathini.

STAJI YA KWELI NA STAJI YA MHURI

Tukirudi Musaga, yatupasa kusema waziwazi kwamba mafunzo ya kazi, mahali pengi na katika fani nyingi, yamegeuka kuwa safari ya kutafuta mhuri. Mwanafunzi hupokewa, huonyeshwa kiti, hutumwa kununua vocha na kufanya fotokopi, na baada ya wiki nane hupewa karatasi iliyotiwa sahihi isemayo kuwa alikuwa na nidhamu njema. Chuo hufurahi, ofisi hufurahi, na kijana hurudi nyumbani akiwa vile alivyokwenda. Katika makumbusho hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu wafanyakazi ni wachache, na ni rahisi kumsimamisha mgeni mlangoni akate tiketi.

Dawa yake si ngumu. Kabla ya siku ya kwanza, mwalimu wa chuo, msimamizi wa jumba na mwanafunzi mwenyewe waandike katika ukurasa mmoja kazi moja maalumu itakayokuwa imekamilika siku ya mwisho. Kwa mfano: vikapu ishirini vikaguliwe na hali yao iandikwe, au rafu moja ya ghala ipangwe upya na kuchorewa ramani, au wapiga ngoma watano wa Gishora waulizwe majina ya sehemu za ngoma na kazi za kila moja. Ukurasa huo uwe na jina la mtu atakayemwangalia mwanafunzi. Kazi iliyokamilika hubaki katika jumba na kulifaidia, hata kama kijana hatarudi tena. Wala tusidhani kuwa tatizo la maghala ni letu peke yetu. Uchunguzi wa kimataifa uliofanywa na ICCROM pamoja na UNESCO mwaka 2011 ulionyesha kwamba takriban asilimia 60 ya maghala ya makumbusho yaliyochunguzwa duniani yalikuwa katika hali isiyoridhisha. Mikono ya wanafunzi, ikiongozwa vizuri, yaweza kupunguza mzigo huo.

Liko jambo la fedha, na hapa ndipo nionapo udhalimu usiosemwa. Mwanafunzi ambaye baba yake ana uwezo aweza kufanya kazi miezi mitatu bila kulipwa. Hupewa nauli na chakula cha mchana nyumbani. Mwanafunzi wa Musaga ambaye mama yake anauza nyanya sokoni hawezi, hasa ikiwa mafunzo yako Gitega. Matokeo yake ni kwamba utunzaji wa urithi wa watu wote huachiwa watoto wa wachache, tena mara nyingi wale ambao vyombo vya vijijini wamevijua kwa picha. Hata mataifa tajiri yameona aibu juu ya jambo hili. Huko Los Angeles, taasisi ya Getty imekuwa ikigharamia tangu mwaka 1993 mafunzo yenye malipo katika majumba ya sanaa ya eneo hilo kwa wanafunzi wa jamii ambazo hazikuwa na nafasi humo. Na mwezi Juni 2019 chama cha wakurugenzi wa majumba ya sanaa ya Amerika ya Kaskazini kilipitisha azimio la kuhimiza kila mwanafunzi wa mafunzo alipwe. Hapa kwetu hatuombi mshahara. Nauli, sahani ya maharage, na kitanda Gitega vingetosha kuanzia.

KUJIANDAA NYUMBANI

Kijana asingoje barua ya kukubaliwa ndipo aanze. Musaga kwenyewe kuna mafundi wa mbao na wa vyuma wanaojua kuutambua mti kwa kuunusa. Kuna bibi ambao wangali na igisabo, kibuyu cha kusukia maziwa, kilichofunikwa na vumbi nyuma ya mlango. Mwanafunzi mwenye daftari la shilingi chache, yaani la faranga chache kama tusemavyo hapa, aweza kuandika vitu kumi vya nyumba yake kwa utaratibu ule ule wa makumbusho: namba, jina kwa Kirundi, kipimo, hali, aliyekitengeneza, aliyekipokea. Avichore. Kuchora kwa penseli, hata kwa mtu asiye msanii, hulifundisha jicho kuona ufa ambao kamera huupita. Daftari la namna hiyo, likiwekwa mezani mbele ya msimamizi wa jumba, huzungumza kuliko barua tatu za sifa.

Lugha nazo zina uzito wake. Kirundi ndicho ufunguo wa majina na matumizi. Kifaransa ndicho kilichotumika katika daftari nyingi za zamani. Kiingereza na Kiswahili humfungulia mtu milango ya majirani, na tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 majirani hao wamekuwa karibu zaidi. Huko Huye nchini Rwanda kuna jumba kubwa la mila na desturi lililojengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Ubelgiji, na Kigali, eneo la Kanombe, nyumba iliyokuwa ikulu imekuwa jumba la sanaa tangu 2018. Dar es Salaam ina makumbusho yaliyofunguliwa 1940, na Kijiji cha Makumbusho cha mwaka 1967 ambamo nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake wa kweli. Anayetunza nyumba ya jadi ya Musée Vivant angejifunza mengi kwa kuzungumza na wanaoezeka zile za Kijitonyama. Mombasa ina Ngome ya Yesu, iliyofanywa makumbusho mwaka 1962, na katika mji huo kilianzishwa mwaka 2000 kituo cha kuwafundisha watunza makumbusho wa nchi zinazozungumza Kiingereza. Kwa wanaozungumza Kifaransa iko shule ya urithi wa Afrika ya Porto-Novo, Benin, iliyoanzishwa mwaka 1998 na kurithi kazi ya mafunzo ambayo ICCROM iliifanya barani kote kwa miaka mingi kabla yake.

Na lile swali la wazazi? Jibu la kweli ni kwamba nafasi za kudumu katika majumba yetu ni chache, zahesabika kwa vidole. Anayemwahidi kijana kuwa akimaliza mafunzo atapata ofisi anamdanganya. Lakini aliyejifunza kusajili vitu, kupanga ghala, kuzuia unyevu na wadudu, na kumhoji mzee bila kumkatiza, ana ujuzi unaotakiwa pia katika hifadhi za nyaraka, maktaba, kumbukumbu za redio, ofisi za utalii, na hata forodhani, ambako mtu anayeweza kutofautisha chombo cha kale na nakala ya kuuzia wageni angeokoa mengi yasitoroshwe.

Zaidi ya hayo, hali inabadilika. Jumba la Tervuren, karibu na Brussels, lililofunguliwa mwaka 1910 kwa ajili ya vitu vya Kongo na ambalo baadaye lilikusanya pia vya Rwanda na Burundi, lina vitu vya mila na desturi zaidi ya 120,000. Lilifungwa mwaka 2013 kwa matengenezo, likafunguliwa tena Desemba 2018. Mwezi Julai 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria inayofungua njia ya kurudishwa kwa vitu vilivyopatikana enzi za ukoloni. Kongo ilikwisha kujitayarisha kwa jumba jipya la taifa lililofunguliwa Kinshasa mwaka 2019, kwa msaada wa Korea. Kitu kikirudi, huja na karatasi zake, na karatasi hizo hudai mtu wa kuzisoma, kuzilinganisha na kitu kilichomo sandukuni, kuandika kama ufa ule ulikuwapo kabla ya safari au umetokea njiani, na kutia sahihi. Mtu huyo hapatikani kwa kutangaza kazi wiki moja kabla ya ndege kutua. Hutayarishwa miaka kumi mapema, na miaka kumi huanza na miezi mitatu.

Kwa mwanafunzi wa Musaga anayetaka kujaribu mwaka huu, barua ipelekwe mapema, angalau miezi mitatu kabla ya likizo, ikiambatana na barua ya chuo. Asiombe kupokewa katika idara yoyote. Aende kwanza kama mgeni, alipe kiingilio, azunguke polepole, achague kitu kimoja kilichomshughulisha, kisha aandike katika barua ni kitu gani hicho, kiko upande gani wa chumba, na maswali gani matatu angependa kuyatafutia majibu. Nakala ya daftari lake la vitu vya nyumbani aiweke ndani ya bahasha hiyo hiyo.